Kosa Liwekwe Juu

Mkuu wa chumba cha mashine alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kila programu tuliyoandika ilianza na ukurasa wa makosa. Hayakuwa makosa tuliyokwisha kuyasahihisha, bali yale tuliyojua bado yamo. "Kosa liwekwe juu," alikuwa akisema, "mtu alione kabla hajafunua." Kwa kuwa ninayoandika hapa yanamhusu yeye, naanza kama alivyonifundisha. Nilificha barua yake. Nilitia sahihi maelezo niliyojua si ya kweli. Na nilipokuja kugundua kwamba hata kilichoharibika siku ile nilikiharibu mimi, nilinyamaza. Yeye naye alinikosea jambo moja. Nitaliandika pia, kwa sababu kwa miaka mingi nililikumbuka hilo moja tu na kuyasahau ya kwangu matatu.

Nilimkuta Mbeya, katika miaka ile ya sabini ambapo reli mpya ilikuwa inakaribia kumalizika. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nikapata kazi kwenye mradi wa kupima mito inayoingia bonde la Usangu. Kando ya kila mto mradi ulikuwa na mtu wa kusoma kina cha maji kwenye kijiti kilichopakwa rangi, asubuhi na jioni, na kukiandika kwenye daftari la shule. Madaftari hayo yalitufikia yakinuka moshi na samaki. Wenye mashamba ya mpunga walitaka kujua maji yatatosha mpaka mwezi gani. Wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini walitaka kujua jambo hilo hilo, na kila upande uliamini kwamba mradi unaupendelea mwingine. Kukokotoa kwa mkono kulichukua mwaka mzima, na jibu lilipotoka mvua nyingine zilikuwa zimeshapita. Ndiyo sababu tukaletewa kompyuta, na ndiyo sababu Mkuu aliletwa kutoka Dar es Salaam, alikokuwa ameendesha mashine za kadi kwa miaka mingi.

Alikuwa Mhehe mrefu, mabega yameinama mbele kidogo kama mtu anayepita mlango mfupi. Alivaa koti la kijivu lenye penseli mbili mfukoni na kikopo cha ugoro. Alimsalimu kila mtu "Kamwene," hata sisi Wanyakyusa, hata wazungu wa mradi, na asiyeitikia alimrudia mpaka aitikie. Kabla ya kugusa mashine alinawa mikono kwa maji ya birika kama mtu anayekwenda kula, na sisi tulinawa baada yake. Aliyeingia na viatu alirudishwa mlangoni. Lakini ugoro aliunusa humo humo ndani, hatua mbili kutoka kwenye mashine, na alipopiga chafya sote tuliangalia pembeni.

Mtu pekee aliyethubutu kumsema ni Atupele, mpiga chapa wa ofisi, msichana wa rika langu.

"Mkuu, ugoro si vumbi?"

"Hii ni dawa, mama. Vumbi mnalileta nyie kutoka Tukuyu."

"Tukuyu hakuna vumbi, Mkuu. Kuna tope."

"Haya, tope likikauka linaitwaje?"

Mashine ilikuja kwa lori, ndani ya masanduku ya mbao, ikiwa msaada wa nchi moja ya mbali. Meneja wa mradi alidhani itawashwa siku hiyo hiyo. Alikuja mchana na wageni wake, akakuta Mkuu amekaa kwenye sanduku anasoma.

"Mkuu, vipi? Kompyuta si kompyuta? Iwashe tuone."

"Meneja," alijibu bila kuinuka, "Mhehe ukimwacha Rungwe kwa Wanyakyusa usiku, kwa Kihehe chake atapata maji ya kunywa?"

Alikuwa na maana. Mashine ya kadi aliyoizoea ilikuwa na taratibu zake ndani, na hii ilikuwa na zake, tofauti kabisa. Siku hizi wajukuu zangu wanaziita mfumo endeshi. Sisi tuliziita sistimu. Bila sistimu kompyuta ile ilikuwa kabati la chuma lenye taa. Sistimu yenyewe ilikuja kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ilibidi mashine iusome utepe huo kwanza, kisha utepe wa pili wa kuandikia programu, kisha wa tatu wa kutafsiri tulichoandika kiwe lugha ya mashine, na hapo tu ndipo programu yako ungeweza kuijaribu. Lakini mashine ilipotoka sandukuni haikujua hata kusoma utepe. Ilibidi ifundishwe kwa mkono, kwa swichi kumi na sita zilizokuwa usoni pake, juu na chini, mstari baada ya mstari. Mistari hiyo tuliiita maamkizi. Mkuu ndiye aliyeipa jina hilo, akisema amehamia kijiji cha watu wengine, lazima ajifunze salamu zao kabla ya kuomba lolote.

Vitabu vya maelekezo viliandikwa kwa lugha ya watengenezaji, na mzungu aliyeijua alikuwa amekwisha kurudi kwao. Mkuu aliuliza mjini mpaka akamgundua sista mmoja wa misheni ya njia ya Mbalizi aliyezaliwa upande huo. Kwa majuma sita alimwendea kila Jumapili kwa baiskeli, kitabu kimefungwa ndani ya khanga ya mkewe, na malipo yake yalikuwa kutengeneza mashine ya kusaga ya misheni. Sista alikuwa muuguzi, na Kiswahili chake chote alikipatia wodini. Kwa hiyo tafsiri zake zilisema, "Mlaze mgonjwa," "Mpe kidonge cha kwanza," "Akitapika, rudia." Mkuu hakubadilisha neno. Miaka yote tuliyofanya kazi pale, utepe ulipokwama tulisema mgonjwa ametapika, na wageni walitushangaa.

Siku mashine ilipoandika neno lake la kwanza, Mkuu hakushangilia. Alikwenda kunawa tena mikono. Kisha akatoa madaftari mawili. Hapo nafika kwenye sheria yake ya pili, ile iliyotumaliza.

Alisema maamkizi hayatiwi na mtu mmoja. Mmoja asome, mwingine aweke swichi na kurudia kwa sauti alichoweka. Macho ya mtu mmoja humdanganya mwenyewe. Kwa hiyo daftari moja, la msomaji, lilikuwa na namba za maamkizi zote, na la pili, la mwendeshaji, lilikuwa na kazi za kila siku: washa, weka utepe huu, bonyeza hapa, subiri. Daftari la mwendeshaji alinipa mimi. La msomaji alimpa Atupele, kwa sababu, alisema, mpiga chapa haongezi neno lake kwenye kazi ya mtu.

Sasa, kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa ya vipete vidogo vya sumaku vilivyoshonwa kwenye nyaya. Ukishatia maamkizi mara moja yalibaki pale, siku baada ya siku. Kwa hiyo baada ya majuma ya kwanza Atupele alirudi kwenye taipureta yake, na mimi nikawa nawasha mashine asubuhi kwa daftari langu peke yake. Nikajiona fundi. Nilisahau kwamba kuna daftari la pili.

Mkuu aliniita mwanangu. Nililala kwake mara nyingi nilipokuwa sina chumba, na mkewe alinipakulia sahani moja na watoto wao. Alinifundisha kuandika programu kwa penseli kwanza, kisha kuitembeza kwa kidole kama mtu anayefuata njia ya mbuzi, kabla ya kugusa utepe. Nilipokosea aliuliza, "Ulimuuliza nani?" Nilidhani ni namna yake ya kufoka. Kwetu kijana aliyefika kidato cha nne anapokuwa shambani anaulizwa yeye, haulizi. Baba yangu mwenyewe aliniuliza mimi mbolea ya chumvichumvi inawekwaje, na nilimjibu, ingawa sikujua.

Kisha ikaja habari ya masomo. Mtu mmoja wa mradi angepelekwa nchi ya watengenezaji kwa miezi sita kujifunza mashine. Sikuwa na shaka. Watu walianza kuniita Ulaya, nami niliitika. Mkuu aliendelea kuniita mwanangu, aliendelea kunigawia muhogo wa kuchoma saa nne, na siku moja nilipopeleka karatasi kwa meneja nikaona kwenye jalada nakala ya kaboni yenye mwandiko wa taipureta ya Atupele na sahihi ya Mkuu.

Aliandika kwamba kijana wake ana akili nyepesi kuliko wote aliowahi kufundisha, lakini haulizi, na mashine ngeni humwangusha mtu asiyeuliza. Kwa hiyo alipendekeza aende Bibi Atupele.

Barua hiyo ndilo kosa lake. Sasa sidhani alikuwa amekosea juu yangu. Ila alikuwa mtu wa kosa liwekwe juu, na la kwangu aliliweka chini, ndani ya jalada, akaniacha nile muhogo wake juma zima. Na Atupele aliipiga chapa barua hiyo kisha akaja kunisalimia, "Kaka, umeamkaje?" Niliwachukia wote wawili kwa pamoja, na chuki hiyo ilinipa raha, nakiri.

Jumatano ya juma lililofuata nilichukua barua za ofisi posta. Moja ilikuwa ya Mkuu wa chumba cha mashine, kutoka makao makuu. Niliifungua. Wakaguzi kutoka Dar es Salaam wangefika Jumatatu kuona mashine ikifanya kazi, na waliomba Mkuu awepo. Meneja alikuwa Usangu, angerudi Jumamosi jioni. Niliiweka barua kwenye mfuko wa koti langu. Alhamisi Mkuu aliaga: dada yake alikuwa amefariki Iringa, alikuwa anakwenda msibani, angerudi Jumatano.

"Kuna jambo lolote la kujua kabla sijaondoka, mwanangu?" aliniuliza akiwa ameshika kifurushi chake.

"Hakuna, Mkuu. Nenda salama."

"Kukiwa na neno, muulize Atupele."

Jumamosi nilikuja ofisini peke yangu. Nilitaka Jumatatu niwaonyeshe wageni kitu ambacho Mkuu hajawahi kukifanya. Programu yetu ilibeba vipimo vya mto mmoja kwa mwaka mmoja. Mimi nikaipa miaka miwili, vipimo vya Mto Chimala, ambao ulikuwa kazi yangu. Ilikwenda kidogo, ikasimama. Nikadhani imechoka tu, nikaizima, nikaenda mpirani.

Jumatatu waliingia watatu, pamoja na meneja. Walivua viatu. Nilinawa mikono mbele yao, taratibu, kama yeye. Nikawasha. Nikaweka utepe wa kwanza, nikabonyeza. Taa zikawaka, utepe haukusogea. Nikazima, nikawasha tena. Mara ya tatu mgeni mkubwa akaangalia saa yake.

"Mkuu wako yuko wapi?" alimuuliza meneja. "Tulimwandikia barua."

"Barua aliipata?" meneja aliniuliza mimi.

Nilisema, "Barua zake huwa zinawekwa mezani kwake."

Mlango ulikuwa wazi. Atupele alikuwa amesikia ukimya wa mashine kutoka chumba cha pili, maana kwa kawaida utepe ule ulipiga kelele kama cherehani. Alisimama kizingitini, miguu mitupu, daftari la msomaji mkononi, na macho yake yalikuwa kwangu, si kwa wageni. Nililiona daftari. Nilikumbuka kila kitu kwa mara moja: maamkizi yamepotea, tunayatia upya, asome yeye niweke mimi, nusu saa imekwisha.

"Dada," meneja alisema, "tuna wageni. Tuletee chai."

Aliningoja niseme. Ningesema neno moja tu, "Msomaji," na angeingia. Sikusema. Akageuka akaenda kuleta chai, na aliporudi nayo daftari halikuwa mkononi.

Alasiri hiyo niliandikiwa maelezo nikayatia sahihi: kwamba Mkuu alisafiri akijua wageni wanakuja, na kwamba hakukabidhi maelekezo ya kuamsha mashine kwa mtu yeyote.

Alirudi Jumatano, nywele zimenyolewa kwa ajili ya msiba. Alisomewa maelezo yangu mbele yangu. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimpa nafasi.

"Mkuu, ni kweli? Hukumkabidhi mtu?"

Mkuu alinigeukia mimi kwanza. "Maelekezo yapo mahali pake," alisema. "Naomba niiamshe kwanza, tuzungumze baadaye."

Alimwita Atupele. Kabla ya kutia maamkizi upya alifanya jambo ambalo sikulielewa: alizungusha swichi na kusoma taa, sehemu moja ya kumbukumbu baada ya nyingine, akiandika namba pembeni kwa penseli. Aliandika kama ishirini. Alizitazama, akakunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na ugoro. Kisha Atupele akaanza kusoma na yeye akawa anarudia, na baada ya nusu saa utepe ulianza kupiga kelele. Nilidhani hapo ameokoka. Lakini meneja alisema ndivyo hasa ilivyoandikwa, kwamba bila yeye haiwezekani, na mradi hauwezi kumtegemea mtu anayeficha. Atupele alisema, "Meneja, daftari nilikuwa nalo mimi." Meneja akamwambia asimtetee mtu kwa sababu ya barua ya masomo. Mwezi uliofuata Mkuu alihamishiwa Iringa, stoo ya mabomba.

Nafasi ya masomo niliipata mimi. Atupele aliendelea kupiga chapa. Nilipomuaga aliniambia, "Kaka, huko nako usiulize," na hakucheka.

Huko darasani ndipo mwalimu alipoonyesha kwamba kumbukumbu ya vipete haipotei umeme ukizimwa. Inapotea tu mtu akiandika juu yake. Maamkizi hukaa mwisho kabisa wa kumbukumbu, alisema, na mwanafunzi akiipa programu vipimo vingi kuliko nafasi, vitafurika mpaka kule mwisho na kuyafuta. Darasa zima liliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Niliuona Mto Chimala wa miaka miwili ukifurika. Nilirudi Mbeya nikiwa na cheti na jambo hilo, na nilionyesha cheti tu. Nilikuwa mkuu wa chumba cha mashine kwa miaka michache, mpaka vipuri vilipokosekana na mashine ikafunikwa turubai. Kila programu niliyoandika ilikuwa na ukurasa wa makosa. Kosa hilo halikuwemo.

Nilimwona Mkuu mara moja tu baada ya hapo. Vita ya mwishoni mwa miaka ile ya sabini ilikuwa imekwisha, mafuta hayapatikani, na basi letu la kwenda Dar es Salaam lilisimama Ilula, mbele kidogo ya Iringa, kupoza injini. Wauza nyanya walilizunguka na matenga yao. Karibu wote walikuwa wamepanga nyanya nzuri juu. Kwenye tenga moja, juu kabisa, kulikuwa na nyanya iliyopondeka ubavu, imewekwa wazi katikati kama kifuniko. Niliitambua kabla sijainua macho kumtazama mwenyewe.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, Mkuu."

Nilishuka. Alikuwa ameacha stoo, akalima kwao. Koti lilikuwa lile lile, penseli moja. Tulizungumza habari za mvua. Akauliza habari za mgonjwa, nikamwambia amefunikwa. Akatikisa kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akifunga nyanya kwenye majani ya mgomba:

"Ile barua ya kumpendekeza Atupele, nilipaswa kukuambia wewe kwanza, halafu ndiyo niandike. Nilikuonea haya. Hilo ni la kwangu."

"Imeshapita, Mkuu."

"Sisemi kwa kuwa imepita." Alikaza kamba. "Siku ile niliporudi msibani nilikuta namba kule mwisho, palipokaa maamkizi. Mbili na nusu, mbili na robo, mbili kasoro robo. Maji yanashuka hivyo mto gani, mwezi wa kumi?"

Mto huo tuliujua wawili tu kwa namba zake.

"Mkuu," nilisema, "kama ulijua, kwa nini hukumwambia meneja?"

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipotafuta jibu nililokuwa nimelishika mkononi.

"Ukurasa wa makosa anaandika nani?"

"Mwenye programu."

"Basi."

Nilijua anangoja, kama Atupele alivyongoja kizingitini, na nilikuwa na maneno yote: barua, Jumamosi, sahihi. Utingo akapiga bodi la basi kwa kiganja. Nikasema, "Mkuu, gari linaondoka."

"Panda," alisema. "Lisikuache."

Alikataa pesa nilizompa. Alinipandishia mwenyewe furushi la nyanya kupitia dirishani, na kabla halijaingia lote alichukua ile iliyopondeka kutoka kwenye tenga lake akaniwekea juu, nikiona. Nilifika Dar es Salaam nikazimwaga zote mezani nikazikagua moja moja. Hakukuwa na nyingine mbovu.